Diski Nne Mpya za Sanduku Lako

Dada Mwajuma,

Nilitaka kuanza kwa kukuuliza hali, kama tulivyofundishwa kuanza barua, mkono ukasita. Basi nianze na hali yangu. Mimi sijambo, ila nimechoka. Ni ule uchovu ambao mtu analala nao, anaamka nao, anakunywa nao chai. Zuhura ananiambia mume wake, yaani mimi, amegeuka kuwa na uso wa mtu aliyeshuka basi la mbali, na mimi wiki hii nzima sijatoka nje ya ua huu isipokuwa kwenda msikitini na kurudi.

Nakuandikia nikiwa chumbani mwako. Nimekalia kiti chako chenye mto wa kitenge, na sanduku lako liko mbele yangu, linanguruma kidogo kidogo. Usishtuke, ni zima. Lakini nusura niliue, na ndiyo sababu ya barua hii. Nimeona heri uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwingine, ingawa sijui huko uliko nani angekuletea habari za Gisenyi.

Sasa ni miezi saba. Mambo mengi yako palepale, na hilo lenyewe linanichosha. Asubuhi akina mama wanateremka na mabeseni yao kwenda mpakani kama siku zote. Wasichana wako wa chuo cha Kurani cha Jumamosi wamepata mwalimu mwingine, mpole, na wao wenyewe wanalalamika kwamba hawaogopi tena kusahau. Duka la picha nililifungua baada ya arobaini. Watu wanaingia, wanachungulia nyuma ya kaunta, wananiuliza, "Mwajuma iko wapi?" na wengine wao walikuwa kwenye mazishi. Ni ulimi tu, umezoea. Zuhura amepanga upya makopo ya jikoni mwako, chumvi sasa iko kushoto. Nilitaka kumkataza, kisha nikaona sina nguvu ya kugombana kwa ajili ya kopo.

Chumba hiki ndicho nilichokikwepa. Nilikuwa nafungua mlango, nasikia sanduku linafanya kazi, nafunga.

Watu wakiniuliza ni kitu gani hicho ninachokiwazia hivyo, nawaeleza kama ulivyonieleza wewe siku ulipolileta. Ni kisanduku cheusi, kina diski nne, kimefungwa kwa waya kwenye kompyuta ya dukani na ya nyumbani, na harusi zote tulizopiga picha zimo humo. Diski nne, ulisema, ni kama ndugu wanne waliogawana habari moja. Akifa mmoja, watatu wanakumbuka aliyokuwa anayajua, wanamfundisha mgeni atakayekuja kukaa mahali pake. Wakifa wawili kwa pamoja, habari yote imekwenda. Nilicheka, nikakuambia una maneno ya msiba. Siku hizi nayaeleza hivyohivyo na sicheki.

Na lilijaa, dada. Unajua lilijaa lini, kwa sababu tuligombana juu yake.

Sijawahi kukuomba msamaha kwa ugomvi ule. Sukari ilikuwa imekulaza tayari, miguu imevimba, na mimi nikaja kusimama mlangoni hapa na habari za nafasi kwenye diski. Nilikuambia tufute picha mbichi, zile za video ambazo hazijakatwa. Mteja amekwisha kuchukua yake, nilisema, imefanyiwa montaji, imekatwa na kupangwa, ina muziki mwanzo hadi mwisho, ina maua yanayopaa pembeni, ameridhika, ameonyesha majirani. Yale masaa matano ya watu kupanga viti na kutafuta pini ya shela tunayawekea nini? Ukanijibu kama ulivyonijibu miaka yote, "Mbichi hazifutwi," bila kuongeza sababu. Ndipo nikasema unatunza takataka. Nikasema tena, Mungu anisamehe, kwamba siku itakayokuwa zamu yangu nitazifuta zote asubuhi moja. Uligeukia ukutani. Hazikupita wiki mbili tukakuzika, na tulizungumza mambo mengine katikati hapo, dawa, uji, nani amepiga simu, lakini neno lile sikurudi kuliokota.

Sasa sikiliza. Kiangazi kiliingia, harusi zikaanza kupangana, na sanduku halina nafasi hata ya harusi moja. Nikapiga moyo konde, nikaingia humu, nikakaa kwenye kiti hiki. Nilikuwa nimekwisha kuchagua mafolda ya mbichi ya miaka ya mwanzo kabisa, yote yamegeuka rangi ya buluu kwenye kioo, imebaki kubonyeza tu. Zuhura akaniita. Kuna mgeni dukani.

Alikuwa Mama Devota wa Rugerero. Utamkumbuka, Devota yule bibi-arusi mrefu, tulimpiga picha kanisani Nyundo miaka ile wewe ukishika kamera na mimi taa. Amekonda. Aliteremka kwenye pikipiki na mfuko wa avokado, akauweka kaunta kabla ya salamu, nikajua amekuja na haja. Mto Sebeya ulipofurika ulichukua nyumba yao, ukachukua na albamu na ile sidii tuliyowapa. Hayo uliyajua, ulimchapishia picha kadhaa. Ambalo hukulijua ni kwamba Anastase, mume wake, amefariki. Ni kifua. Alizikwa mwezi mmoja baada yako.

Nikampa pole, nikamwambia asijali, sidii ile nitamtolea nyingine hapohapo. Akatikisa kichwa.

"Ile ya muziki mi naijua," akasema. "Bwana yangu anafungua mudomo, inatoka muziki. Mi nataka ile yeye anasemaka."

Akaendelea, akitazama avokado zake. "Mutoto mudogo ananiuliza, papa alikuwa anasema namna gani? Mi najaribu kumuigiza, nashindwa. Simu yake ilianguka mu maji. Disi, masikini, mi niliona Mwajuma hatupaka kitu, anaweka vyote."

Dada, kidole changu kilikuwa kimetoka kwenye kitufe cha kufuta dakika tano zilizopita. Nilimwambia arudi baada ya wiki mbili. Nilimwambia ipo. Kisha nikarudi chumbani, nikaondoa ile rangi ya buluu folda moja moja kama mtu anayetegua mtego.

Folda yake niliipata. Kuifungua ndiko kukawa kazi. Nilipojaribu kuinakili, ilifika katikati ikasimama. Kumbe taa ya njano niliyokuwa naiona kila nikichungulia mlangoni haikuwa pambo. Nilifungua ukurasa wa sanduku kwenye kompyuta, nikakuta limeandika tangu wiki tatu nyuma kwamba diski namba mbili ni mgonjwa na inaomba kubadilishwa. Nani alikuwa wa kuusoma ukurasa huo kama si wewe?

Nikafungua daftari lako. Unaona jinsi nilivyo, nilikaa miezi saba na daftari lako bila kulifungua, nalifungua kwa ajili ya kununua vitu. Ulikuwa umekwisha kuliwazia jambo hili. Uliandika kwamba sanduku likijaa tusiongeze kingine, tubadilishe diski zote nne kwa kubwa zaidi, moja baada ya nyingine, na kila moja tuisubiri ifundishwe na wenzake mpaka imalize ndipo tuguse inayofuata. Nafasi yenyewe haitaonekana mpaka ya nne iingie. Chini yake ukaandika za kununua ziwe za namna gani, na hapo ndipo nilipoanza kuchoka kweli.

Nilidhani diski ni diski. Na kijana wa duka lile jipya karibu na soko aliniunga mkono. "Mzee, disque ni disque. Unaingiza, inaenda." Akanionyesha nne zinazong'aa, za bei nzuri. Lakini uliandika kwamba ziwe kwenye orodha ya mwenye kutengeneza sanduku, nikatoa simu, nikatafuta orodha, nikasimama pale kaunta navaa miwani na kuvua. Hazikuwemo. Akanitolea nyingine, kubwa mno. Sanduku letu limezeeka, diski za zaidi ya tera nane halizitambui, orodha ilisema hivyo. Akanitolea za tatu, saizi sawa, jina linafanana, na nikakaribia kukubali kwa sababu miguu ilikuwa inaniuma. Kisha nikasoma tena mstari wako: "Zisiwe za mabati."

Hilo ilibidi nimpigie simu fundi wako wa Kigali anieleze. Akasema ni kweli, zipo diski zinazoandika mistari yake ikilaliana kidogo, kama mabati ya paa, ili nyingi ziingie mahali padogo. Kwa mtu anayeweka picha zake kwenye kompyuta hazina neno. Lakini sanduku likianza kuifundisha diski mpya, mistari hiyo iliyolaliana inabidi ifunuliwe na kufunikwa upya kila mara, kazi ya siku moja inakuwa ya wiki, na mara nyingine sanduku linachoka kusubiri, linaikataa. Zile za kijana zilikuwa za mabati. Nilimshukuru nikatoka, na nyuma yangu nikasikia anamwambia mwenzake, "Uyu mzee iko anatafuta diski ama bibi ya kuoa?"

Ungecheka. Nilicheka mwenyewe mpaka kwenye kona, kisha nikakumbuka sina wa kumhadithia.

Mfanyabiashara mmoja wa Goma alivusha mbili, jina sahihi, saizi sahihi, zimo kwenye orodha. Nilizigeuza kwenye mwanga wa mlango nikaona tundu za skrubu zimechubuka. Zilikuwa zimekwisha kufanya kazi mahali, pengine kwenye kamera za ulinzi, zikaoshwa uso zikarudishwa boksi. Akaapa. "Bon, mupya kabisa, ni boksi tu ilifunguka." Nikamrudishia. Mwishowe nilipanda basi mwenyewe hadi Kigali, nikanunua mbili duka moja na mbili mtaa mwingine, kwa sababu uliandika tusinunue zote nne zilizozaliwa siku moja, zisije zikaugua siku moja. Tera sita kila moja. Nilizipakata mapajani njia nzima kama mayai.

Sasa ndiyo kosa.

Wewe ulibandika plasta ya hospitali kwenye kila droo ya diski, ukaandika kwa biki, moja, mbili, tatu, nne. Sanduku linasema namba mbili ni mgonjwa. Nikasoma plasta, nikaona mbili, nikasema bismillahi, nikaivuta.

Sanduku likalia. Unajua mlio ule? Mimi sikuwahi kuusikia. Haukatiki. Taa za mbele zikageuka rangi, na kwenye kompyuta pakatokea maandishi mekundu kwamba diski namba tatu haipo.

Nikaangalia mkononi. Plasta inasema mbili. Nikaangalia kioo. Tatu. Na hapo, nimeshika diski nzima mkononi na ile mgonjwa imebaki ndani, ndipo nilipoelewa. Ulihesabu kutoka kulia. Wewe uliyefundisha chuo maisha yako yote, kila kitu chako kinaanzia kulia, makopo ya jikoni, kanda kwenye rafu, viatu mlangoni, wasichana kwenye mkeka. Sanduku linahesabu kutoka kushoto, na namba zake ndogo ulizifunika na plasta. Na mimi ndiye wa kwanza uliyemfundisha alifu, umenishika kidole unakivuta kutoka kulia kwenda kushoto kwenye ubao. Dunia nzima mtu mmoja tu alitakiwa kulijua hilo bila kuambiwa. Nilipogeuza ukurasa wa daftari baadaye nikakuta umeliandika pia, juu kabisa. Nilikuwa nimesoma upande wa kununua, sikugeuza.

Kwa hiyo ndugu wanne walibaki watatu, na mmoja wa hao watatu ni mahututi. Mgonjwa yule akikata roho, kila kitu kimekwenda, harusi zote, na sauti ya Anastase niliyomwahidi mjane wake. Nilimpigia fundi wa Kigali, sauti yangu hata yeye hakuitambua. Akaniambia, "Mzee, rudisha ileile. Usiguse ingine. Bonyeza itengenezwe, kisha uombe Mungu."

Nikairudisha. Nikabonyeza. Sanduku likaanza kuisomesha diski ile upya, na somo lenyewe linatoka kwa wenzake watatu, akiwemo yule mgonjwa.

Siku mbili na nusu, dada. Niliweka kiti hapa, nikaangalia asilimia. Ilikuwa inapanda moja, inakaa, inakaa mpaka nadhani imekwisha, kisha inapanda nyingine. Nilimsikia mgonjwa akigonga ndani, tk, tk, akijaribu kusoma mahali alipooza. Siku ya pili mchana umeme ukakatika mtaa mzima. Ile betri uliyonilazimisha kubeba kutoka stendi, niliyoilaani njia nzima kwa uzito wake, ikashika. Umeme ulirudi kabla haijaisha. Zuhura aliniletea chakula humuhumu, akaangalia uso wangu, akaangalia taa, akarudi jikoni. Niliswali hapa chini kwenye mkeka wako. Sijui kama inafaa kuombea diski. Niliiombea.

Na katika kukaa huko nilikuwa na nafasi ya kuangalia chumba. Miwani yako iko palepale. Kanga yako iko nyuma ya mlango. Nilikuwa nimekwepa mlango huu miezi saba nikidhani nitaumia, na ni kweli niliumia, lakini pia nilipumzika kidogo. Hilo sikulitarajia.

Ilifika mia. Sanduku likaniandikia orodha ya yaliyoharibika, mafaili machache ambayo mgonjwa alishindwa kuyakumbuka. Nilisoma nikiwa nimeziba mdomo kwa mkono. Folda ya Mama Devota haikuwemo. Harusi yangu mwenyewe ilikuwemo, nusu ya mbichi zake hazifunguki tena. Nilikwenda jikoni kumwambia Zuhura kama mtu anayepeleka habari ya kifo. Alikuwa anachambua maharage. Akasema, "Si kitu. Mi niko hapa. Ukitaka kuniangalia, uniangalie mi mwenyewe."

Kisha nilinakili folda ya Devota kwenye diski ya pembeni, mara mbili, ndipo nikamtoa mgonjwa wa kweli. Nilihesabu kutoka kushoto kwa kidole, nikahesabu tena kutoka kulia kwenye plasta, nikazilinganisha, nikamwita Zuhura naye ahesabu. Ikaingia mpya ya kwanza, siku nzima na ushei. Ya pili. Ya tatu. Ya nne imemaliza jana kabla ya adhuhuri, na nafasi ikafunguka. Nafasi kubwa, dada, nilikaa naitazama kama mtu aliyehamia nyumba bado haina vitu.

Mama Devota alikuja leo asubuhi, na mtoto yule mdogo amemshika gauni. Niliwakalisha hapa hapa, mbele ya kioo chako. Nikafungua mbichi.

Mwanzo hakuna kitu, kama nilivyokuwa nakuambia. Watu wanapanga viti. Mwanamke anatafuta pini. Kisha nje ya kanisa, Devota amesimama kwenye jua, shela inapepea, na Anastase anaingia kwenye picha kutoka pembeni. Hajui kama inapigwa. Anainama karibu na sikio lake, anamwuliza kwa Kinyarwanda kama viatu vinambana. Basi, hayo tu. Sauti yake nzito kidogo, ya mtu mwenye mafua. Devota wa kwenye picha anasema hapana. Devota wa kwenye kiti akaanza kucheka huku machozi yanamtiririka, akamwambia mtoto, "Vilikuwa vinanibana sana. Nilimudanganya." Mtoto akaomba irudiwe. Tukairudia. Mtoto akasema maneno yale taratibu kwa sauti nzito ya kuigiza, viatu, vinakubana, na mama yake akamwambia ndiyo, namna hiyo.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao nikiona kazi imekwisha. Sikujiandaa na kitu kingine. Picha ikaendelea, na kutoka nyuma ya kamera, karibu kabisa, karibu kuliko mtu yeyote kwenye harusi ile, ikasikika, "Swedi, taa iko inaanguka. Swedi. We Swedi, shika taa."

Nikasema, "Naam, dada."

Kwa sauti. Mbele ya wageni. Mama Devota akageuka kuniangalia, akaelewa, akarudisha macho kwenye kioo.

Baada ya wao kuondoka nimefungua nyingine. Na nyingine. Uko kwenye zote. Huonekani hata moja, kwa sababu siku zote ulikuwa nyuma ya kamera, ukiitwa vyumbani na mabibi-arusi ambao mama zao hawakutaka mwanamume aingie, na kwenye montaji ulikuwa unajikata mwenyewe, unaweka muziki mahali pako. Lakini kwenye mbichi uko. Unamwambia bibi-arusi asiogope, kidevu juu. Unakohoa. Unamwambia mtu asipite mbele. Unaniita mimi, Swedi, Swedi, mara elfu, nimechelewa, nimeziba picha, nimesinzia na taa. Sijui kama ulizitunza kwa ajili ya akina Devota peke yao. Hukusema sababu, na mimi sikukuuliza, nilibishana tu.

Nisamehe kwa neno lile. Niliziita takataka, na ni wewe.

Nimechoka, lakini si kama nilivyoanza barua. Nimeacha plasta zako palepale, nimebandika nyingine chini yake zinazohesabu kutoka kushoto, ili atakayekuja baada yangu asifanye nilivyofanya. Chumvi nimeirudisha kulia, Zuhura ameona, ameiacha hapohapo. Jumamosi nina harusi Nyundo, nitaileta nyumbani yote, na viti vyake na pini zake. Nakuahidi mbichi hazitafutwa, si asubuhi moja wala kidogo kidogo, na hizi diski nazo zikizeeka nitapanda basi tena, nitasimama tena kaunta na miwani yangu.

Pumzika, dada. Mungu akupe nafasi kubwa kuliko hii niliyoifungua jana. Taa nimeishika.

Mdogo wako,
Swedi